Gia Inayoweza Kuchongwa Mpanda

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa na ambao makao yake makuu yako Mpanda, hutegemea mashine kuliko wanavyodhani wengi wanaoufahamu kwa hifadhi yake ya wanyama tu. Mpunga wa Mpimbwe hukobolewa kwa mashine, alizeti hukamuliwa kwa mashine, mawe ya dhahabu ya Dirifu na Ibindi hupandishwa kwa winchi na kusagwa kwenye karasha, na zege la majengo yanayoinuka mjini huchanganywa kwenye pipa linalozungushwa na injini ndogo. Utegemezi huo ni wa siku nyingi, kwa kuwa mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda, ulioendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals hadi mwaka 1960, ndio uliofanya reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa kama kilomita 210, ijengwe na kufunguliwa mwaka 1950, na mgodi wa namna hiyo, ulio mbali na bandari, hulazimika kujitengenezea sehemu kubwa ya vipuri vyake.

Katika mashine hizi zote, kifaa kinachosimamisha kazi kwa muda mrefu zaidi kinapoharibika ni gia. Beringi na mikanda huuzwa kwa namba zinazojulikana kote, na shafti iliyokatika hukerezwa upya hata na fundi mwenye mashine ya kawaida ya kukereza. Gia, kinyume chake, mara nyingi ni ya mashine ile moja tu, na mwenye mashine huambiwa aagize spea kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, au anunue giaboksi nzima iliyotumika. Njia ya mkato iliyozoeleka ni kujaza jino lililovunjika kwa kuchomelea na kulisawazisha kwa tupa. Njia hiyo husaidia kwa muda, lakini jino la tupa halifanani na wenzake, hivyo hupiga kelele, hula jino linalokutana nalo na kuharibu gia ya pili iliyokuwa nzima. Ipo njia bora, nayo ni kuchonga gia mpya kwa mashine ya milingi, yaani mashine ambayo kisu chake huzunguka huku kipande cha chuma kikisogezwa polepole chini yake. Wengi huiona kazi hii kuwa ya viwanda vikubwa, ilhali sehemu yake ngumu ni hesabu ya darasa la saba na nidhamu ya kupima, na mashine yenyewe ni ya kawaida.

Gia ni gurudumu lenye meno ambalo hupokea mzunguko kutoka gurudumu jingine bila kuteleza. Magurudumu mawili laini yaliyogusana yangeweza kuzungushana kwa msuguano, na duara la kufikirika ambalo gia hugusana juu yake kana kwamba hazina meno huitwa hapa duara la mguso. Vipimo vyote vya gia huhesabiwa kutoka duara hilo, ingawa halionekani kwenye chuma. Ubavu wa jino haukunyooka. Umepinda kwa mchoro unaopatikana uzi uliozungushwa kwenye mkebe unapofunguliwa ukiwa umevutwa kwa kukazwa, na ncha ya uzi ikaacha alama hewani. Mpindo huo, ambao mwanahisabati Leonhard Euler aliupendekeza kwa meno ya gia katika karne ya 18, una sifa ambayo umbo jingine la urahisi huo halina: gia mbili huendelea kuzungushana kwa kasi isiyobadilikabadilika hata kama umbali kati ya shafti zake umeongezeka kidogo kwa sababu ya beringi kuchakaa. Ndiyo maana jino lililochongwa kwa kukadiria kwa macho, hata likipendeza, hutetemesha mashine.

Kipimo cha kwanza ambacho mwanafunzi wa kazi hii lazima akielewe ni moduli, ambayo ni kipenyo cha duara la mguso kwa milimita kikigawanywa kwa idadi ya meno. Gia mbili haziwezi kushikana ipasavyo zisipokuwa na moduli moja. Kwa kuwa duara la mguso halionekani, fundi hutumia kipenyo cha nje, ambacho kwa gia ya kawaida yenye meno yaliyonyooka huzidi kipenyo cha mguso kwa moduli mbili. Hivyo moduli hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha nje kwa idadi ya meno iliyoongezwa mbili. Gia yenye meno 28 na kipenyo cha nje cha milimita 60 itatoa 60 kugawanya kwa 30, yaani moduli 2. Kutokana na namba hiyo moja mengine yote hufuata: kipenyo cha mguso ni milimita 56, na kina cha jino kutoka kileleni hadi shinani, ambacho ni moduli mara 2.25, ni milimita 4.5.

Hapa ndipo kosa kubwa la wanaoanza hutokea. Mashine nyingi kuukuu zilizoachwa na wakoloni, pamoja na zile zilizoundwa Uingereza na Marekani, hazikutengenezwa kwa moduli bali kwa kipimo cha inchi, ambacho huhesabu ni meno mangapi yanayoangukia kila inchi moja ya kipenyo cha mguso. Fundi akipima gia ya meno 28 na kupata kipenyo cha nje cha milimita 63.5, hesabu itampa moduli 2.117, namba ambayo haipo kwenye orodha ya visu vya moduli. Kishawishi ni kusema kwamba gia imelika au kalipa imekosea, kisha kuchonga kwa moduli 2. Ukweli ni kwamba 25.4 ikigawanywa kwa 2.117 hutoa 12, na gia hiyo ni ya kipimo cha inchi chenye meno 12 kwa inchi; kisu cha moduli 2 kingetoa gia ambayo huingia kwa meno mawili au matatu kisha hukwama. Kanuni inayofaa ni kwamba moduli inapotoka na vipande vya desimali visivyo vya kawaida, fundi agawanye 25.4 kwa namba hiyo kabla ya kulaumu chombo chake.

Gia iliyovunjika vibaya au iliyolika kileleni haiwezi kuaminiwa kwa kipenyo cha nje peke yake, na hapo gia inayoshirikiana nayo, pamoja na umbali kati ya shafti mbili, huwa mashahidi. Umbali huo ni nusu ya jumla ya meno ya gia zote mbili ikizidishwa kwa moduli. Gia ya meno 28 na ya meno 56 zenye moduli 2 hukaa kwenye shafti zilizoachana kwa milimita 84. Kama kipimo cha giaboksi kinakubaliana na hesabu, moduli imethibitishwa. Jambo la pili la kuthibitisha ni pembe ya msukumo, yaani pembe ambayo jino husukumia jino la pili, ambayo siku hizi kwa kawaida ni nyuzi 20, lakini katika gia nyingi za zamani za inchi ni nyuzi 14.5. Meno ya nyuzi 20 ni manene zaidi shinani, na pembe hizi mbili hazichanganywi hata kidogo.

Baada ya vipimo hufuata kisu. Kisu cha gia ni gurudumu la chuma kigumu lenye makali yaliyotengenezwa kwa umbo la nafasi iliyo kati ya meno mawili, kwa hiyo kinachochongwa hasa ni nafasi, na jino ni kile kinachobaki. Joseph R. Brown wa Marekani, ambaye mwaka 1862 alitengeneza mashine ya milingi ya kazi nyingi, miaka miwili baadaye alipata hataza ya kisu cha aina hii kinachoweza kunolewa usoni bila umbo lake kubadilika, na mpaka leo visu vya karakana ndogo hufuata wazo hilo. Kwa kuwa mpindo wa jino hubadilika kadiri idadi ya meno inavyobadilika, ingehitajika kuwa na kisu kwa kila idadi, jambo ambalo hakuna karakana ingeligharamia. Desturi ni kuwa na seti ya visu vinane kwa kila moduli, ambapo kimoja huchonga gia za meno 12 na 13, kingine 14 hadi 16, kisha 17 hadi 20, 21 hadi 25, 26 hadi 34, 35 hadi 54, 55 hadi 134, na cha mwisho kuanzia 135 na kuendelea. Kila kisu huwa sahihi kabisa kwa idadi ndogo kuliko zote katika kundi lake, na kwa nyingine huwa na kasoro ndogo inayovumilika katika mashine za mwendo wa polepole. Namba zilizopigwa mhuri kwenye visu huleta mkanganyiko unaopaswa kujulikana mapema, kwa sababu katika visu vya inchi namba 1 ndiyo ya meno 135 na zaidi, huku katika seti nyingi za moduli namba 1 ikiwa ya meno 12 na 13. Fundi asome idadi ya meno iliyoandikwa kwenye kisu na kuisahau namba.

Kazi ya kugawa duara katika sehemu zilizo sawa hufanywa na kifaa kinachofungwa juu ya meza ya mashine na kinachoweza kuitwa kichwa cha kugawia. Ndani yake mna skrubu inayosukuma gurudumu la meno 40, hivyo mkono wa nje ukizungushwa mizunguko 40, kipande cha kazi huzunguka mara moja tu. Idadi ya mizunguko kwa kila jino basi ni 40 kugawanya kwa idadi ya meno. Kwa gia ya meno 28 jibu ni mzunguko mmoja na sehemu 12 za 28, ambayo ni sawa na sehemu 3 za 7, na kwa kuwa hakuna anayeweza kukadiria sehemu 3 za 7 kwa macho, kichwa hicho huja na sahani zenye miduara ya matundu yaliyotobolewa kwa nafasi sawa. Seti ya mtindo wa kampuni ya Brown & Sharpe ina sahani tatu, na miongoni mwa miduara yake mmoja una matundu 21; sehemu 3 za 7 ni sehemu 9 za 21, kwa hiyo baada ya kila nafasi fundi huzungusha mkono mzunguko mmoja kamili na kuongeza nafasi 9 za matundu.

Neno nafasi lina uzito hapa. Tundu ambalo pini ilikuwa imekaa halihesabiwi, na anayelihesabu husogea matundu 8 badala ya 9. Kosa la tundu moja tu ni la nyuzi chini ya nusu, kiasi ambacho jicho halioni kati ya jino moja na jingine, lakini likirudiwa mara 28 hujikusanya hadi kufikia nyuzi 12, karibu jino zima, na fundi hugundua kosa wakati kisu kinapofika mahali pa kuanzia na kukuta chuma ambacho hakikupaswa kuwapo. Kwa sababu hiyo kichwa cha kugawia kina mikono miwili ya kuhesabia inayofungwa kama mkasi juu ya sahani na kukumbatia idadi ya matundu inayotakiwa, ambayo kwa nafasi 9 ni matundu 10. Tahadhari nyingine ni kuzungusha mkono upande mmoja tu daima. Aliyepitiliza tundu arudi nyuma zaidi ya nusu mzunguko kisha aliendee upya, kwa kuwa ndani ya skrubu kuna ulegevu ambao mafundi huuita plei, na kurudi nyuma kidogo huzungusha mkono bila kuzungusha kazi. Mafundi waangalifu huanza kwa kugusisha kisu juu ya kipande kwa alama nyembamba kuzunguka duara lote na kuhesabu alama hizo kabla ya kukata chochote. Ni dakika chache, na hakuna kinga ya bei nafuu kuliko hiyo.

Si kila idadi ya meno inapatikana kwa sahani hizi. Meno 23 hupatikana kwa sababu kuna mduara wa matundu 23, lakini 51 na 53 hazipo katika sahani za Brown & Sharpe, ambazo miduara yake huishia 49, ingawa 51 na 53 zipo katika sahani za kampuni ya Cincinnati. Anayenunua kichwa cha kugawia kilichotumika ahakikishe kwanza kwamba kinakuja na sahani zake zote, maana kichwa bila sahani ni uzito wa meza tu.

Uchongaji wenyewe ni mfupi kusimulia kuliko matayarisho yake. Kipande ghafi hukerezwa hadi kipenyo cha nje kilichohesabiwa, tundu lake likiwa katikati kabisa, kisha hukazwa kwenye shafti fupi inayoshikwa kichwani upande mmoja na kuegemezwa kwa ncha upande wa pili. Kisu huwekwa kwenye mstari wa kati wa kipande; kikienda pembeni hata kwa nusu milimita, meno yote hutoka yameinama upande mmoja. Kwa kisu cha kipenyo cha milimita 60 na chuma laini, mwendo wa mizunguko kama 100 kwa dakika unatosha, pamoja na oili ya kutosha. Ni busara kukata kwa awamu mbili, milimita 3.5 kuzunguka gia nzima kisha milimita 1 iliyobaki, kwa sababu awamu ya pili huondoa kupinda kulikosababishwa na nguvu ya awamu ya kwanza. Matokeo hukaguliwa kwa kalipa inayobana meno kadhaa kwa pamoja: gia ya meno 28, moduli 2 na pembe ya nyuzi 20, ikibanwa juu ya meno 4, inapaswa kusoma milimita 21.45, na kupungua kwa sehemu ndogo ya milimita huacha nafasi ya oili kupita. Glovu hazivaliwi karibu na kisu kinachozunguka, na vipande vya chuma huondolewa kwa brashi mashine ikiwa imezimwa.

Kuhusu chuma chenyewe, karakana nyingi za mikoani hutegemea chuma chakavu, na ekseli za malori zilizokatika hupendwa kwa kuwa ni chuma imara. Upendeleo huo una msingi, lakini ekseli huwa imegumishwa ngozi ya nje, na kisu cha gharama kinaweza kuisha makali katika jino la kwanza. Lazima ipashwe moto hadi iwe nyekundu na iachwe ipoe polepole ndani ya majivu au chokaa kabla ya kukerezwa. Chuma cha kusubu hufaa kwa gia za mwendo mdogo, na naileni hufaa mahali ambapo mzigo ni mwepesi na ukimya unatakiwa.

Mipaka ya njia hii isemwe wazi. Kuchonga jino moja baada ya jingine ni kazi ya ukarabati. Viwanda hutumia mashine za kisu cha skrubu, ambazo Mjerumani Hermann Pfauter alizikamilisha mwaka 1897, na ambazo huchonga meno yote kwa mfululizo na kwa usahihi zaidi. Gia za giaboksi ya gari, zenye meno ya mshazari, zinazozunguka kwa maelfu ya mizunguko na zilizogumishwa kwa tanuri, zisiwe kazi ya kwanza ya mtu yeyote. Kwa upande mwingine, gia ndogo inayosukuma pipa la zege, gia za winchi ya mkono, gia za mashine ya kukamua alizeti na gia za kubadilishia mwendo katika mashine ya kukereza ni za polepole, zina meno yaliyonyooka, na zinavumilia kasoro ndogo. Mashine za kusaga nafaka nyingi huendeshwa kwa mkanda, kwa hiyo wateja wa gia hawatatoka huko. Watatoka kwenye ujenzi, machimboni na kwenye ukamuaji wa mafuta.

Tanzania iliwahi kujaribu kujitosheleza hata kwa mashine zenyewe. Karakana ya Mang'ula, mkoani Morogoro, iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA kwa msaada wa China, na kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa wilayani Hai kwa msaada wa Bulgaria, vilikusudiwa kuipatia nchi vipuri na mashine za kukereza na kuchonga chuma. Vyote vilidhoofika pamoja na viwanda vingine vya umma, na kile cha Hai kimefufuliwa baadaye chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Somo linaloonekana kwa Katavi ni kwamba kungoja kiwanda kikubwa kumechukua miaka mingi, huku mashine moja ya milingi iliyotumika, kichwa cha kugawia chenye sahani zake na seti mbili tatu za visu vingeweza kuhudumia mji mzima. Mashine hizi kwa kawaida hudai umeme wa njia tatu, na katika mji ambao kwa miaka mingi uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, jambo hilo peke yake liliwafungia mlango mafundi wengi. Anayetaka kununua leo aulize kwanza umeme wa eneo lake.

Visu visinunuliwe kwa pupa. Kabla ya kununua hata kimoja, mafundi wa Mpanda wangefanya vizuri kuandaa daftari la pamoja la gia zinazovunjika mara kwa mara mkoani, likionyesha idadi ya meno, kipenyo cha nje, umbali wa shafti, kama ni za moduli au za inchi, na zimetoka kwenye mashine gani. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ndizo taasisi ambazo kazi ya namna hii inaangukia katika majukumu yake, na daftari hilo lingezionyesha ni moduli zipi za kuanza nazo. Kalipa, kalamu na daftari vinapatikana dukani Mpanda leo, na kazi hiyo inaweza kuanza kabla mashine haijafika.